Sonona si udhaifu wa imani: Tuzijue dalili zake na jinsi inavyopimwa

 

Ndugu Waislamu, katika mitaa yetu ya Kawe, kuanzia Mzimuni na Ukwamani mpaka kule ufukweni wanakoshushia samaki, yapo maradhi yanayotutafuna kimya kimya kwa sababu hatujayapa jina lake. Mtu akipata homa tunamkimbiza zahanati akapimwe malaria. Akianguka ghafla tunauliza kama ana presha au sukari. Lakini mama akikaa ndani miezi mitatu, chakula hakimpiti, usingizi hauji, hata mtoto wake mwenyewe hamtazami, sisi tunasema "ana mawazo" na tunaendelea na shughuli zetu. Wengine wanasema amechezewa. Na wapo wanaosema, tena msikitini, kwamba huyo imani yake imepungua.

Maradhi hayo madaktari wetu wanayaita sonona. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 280 duniani wanaishi nayo, na kwamba wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Kwa hiyo haya si maradhi ya Wazungu, wala si ya matajiri waliokosa la kufanya. Yako Masaki na yako Manzese. Kwa kuwa wengi wetu hatujui yanavyoanza wala yanavyotambuliwa, katika makala hii tutaeleza mambo manne: dalili zake, tofauti yake na huzuni ya kawaida, namna yanavyopimwa, na nini tufanye tukimwona ndugu yetu yamemfika.

Dalili zake

Waganga wa tiba za akili wamekubaliana juu ya dalili 9 ambazo huziangalia. Msomaji azisome moja moja kwa utulivu.

1. Moyo kuwa mzito na wenye huzuni kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku.

2. Kupoteza hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Aliyekuwa hakosi mpira jioni haendi tena. Aliyekuwa akifurahia wajukuu hataki hata kelele zao.

3. Usingizi kuharibika. Wengi huamka saa nane au saa tisa za usiku na hawalali tena mpaka alfajiri. Wengine hulala kupita kiasi na bado wakaamka wamechoka.

4. Hamu ya chakula kupotea na mwili kupungua, au kinyume chake, kula kupita kawaida na kunenepa.

5. Uchovu usiokuwa na sababu. Kuoga tu kunakuwa kazi kubwa.

6. Kujiona hana thamani, au kujilaumu kupita kiasi kwa makosa madogo au kwa jambo ambalo hakulifanya yeye.

7. Akili kutotulia. Anasoma ukurasa mmoja mara tano na hakumbuki kitu. Anashindwa kuamua hata jambo dogo la kununua mboga.

8. Mwendo na maneno kuwa ya polepole kiasi ambacho watu wengine wanakiona, au kuhangaika, kukaa na kusimama bila ya kutulia.

9. Kufikiria kifo mara kwa mara, kutamani afe, au kupanga kujidhuru.

Ili iitwe sonona, kwa kanuni zinazotumika hospitalini, lazima ziwepo dalili zisizopungua 5 kati ya hizo, zidumu kwa muda usiopungua wiki 2, na moja kati ya hizo iwe ni dalili ya kwanza au ya pili. Aidha, ziwe zimemharibia mtu maisha yake: kazi, masomo, ndoa au malezi ya watoto. Mtu aliyekosa usingizi siku mbili kwa sababu ya kodi ya nyumba hana sonona. Na mtu anayecheka mbele za watu lakini anabeba dalili 6 kwa miezi miwili anaweza kuwa nayo.

Mgonjwa wetu haji na neno sonona

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mgonjwa wa Kawe haendi zahanati akasema, "Daktari, nina sonona". Atasema kichwa kinawaka moto. Atasema moyo unamwenda mbio, mwili hauna nguvu, tumbo linajaa, mgongo unauma, au kuna vitu vinatembea kichwani. Mara nyingi atasema anawaza sana. Wenzetu wa Zimbabwe wanaozungumza Kishona wana neno lao hasa kwa hali hii, *kufungisisa*, na maana yake ni hiyo hiyo: kuwaza kupita kiasi.

Matokeo yake ni kwamba mgonjwa anapimwa malaria, haionekani. Anapewa dawa za maumivu, hazisaidii. Anapimwa vidonda vya tumbo, anapewa dawa, anarudi vile vile. Baada ya kuzunguka zahanati tatu bila kuonekana ugonjwa, familia inahitimisha kwamba "hili si la hospitali". Kumbe lilikuwa la hospitali, isipokuwa mgonjwa alieleza mwili peke yake na hakuna aliyemwuliza kuhusu moyo.

Kwa wanaume dalili zinaweza kujificha zaidi. Mwanamume aliyelelewa kwa maneno ya "mwanamume halii" anaweza asionekane na huzuni hata kidogo. Anakuwa mkali, anagombana na mkewe kwa jambo dogo, hakai nyumbani, na anaanza pombe, bangi au mirungi apate kusahau. Tuchukue mfano wa kijana wa bodaboda aliyenyang'anywa pikipiki kabla hajamaliza deni lake. Mwezi wa kwanza analalamika. Mwezi wa tatu halalamiki tena, amenyamaza, halali, ananuka sigara na hasogelei kijiwe cha wenzake. Jirani anasema kijana ameharibika. Huenda kijana anaumwa.

Kwa mama aliyejifungua, ni kawaida kulia lia siku za mwanzo, na hali hiyo hupita yenyewe. Ikipita wiki 2 na bado haipungui, hamtaki mtoto, anajiona si mama anayefaa au anaogopa atamdhuru mwanawe, hiyo si tabia mbaya wala si deko. Apelekwe hospitali bila ya kuchelewa. Na kwa mzee, sonona huweza kuonekana kama usahaulifu, tukadhani ni uzee tu.

Katika ibada nako zipo alama. Mtu aliyekuwa hakosi Alfajiri ya jamaa anaanza kukosekana. Anaposwali haoni ladha yoyote. Anasoma Qur'an huku anaona haimhusu. Anashika wazo kwamba Allah (s.w.) hatamsamehe kamwe, hata ukimsomea aya za rehema hazimwingii. Tazama vizuri: kujilaumu kupita kiasi na kupotea kwa ladha ya mambo ni dalili ya 6 na ya 2 katika orodha ile ile. Kwa hiyo ukimwambia mtu huyo "imani yako dhaifu, ndiyo maana una huzuni", umemwongezea mzigo ule ule unaomwangusha. Yeye mwenyewe ameshajiambia maneno hayo mara mia.

Huzuni ya kawaida na sonona

Uislamu haukukataza huzuni. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim machozi yakamtoka. Mwaka aliofiwa na mkewe bibi Khadija (r.a.) na ami yake Abu Talib, wanahistoria wa Kiislamu wameuita Mwaka wa Huzuni. Alikuwa pia akiomba dua ya kujikinga na hamu na huzuni, kama ilivyopokewa katika Sahihi Bukhari. Lau huzuni ingekuwa ni alama ya imani dhaifu, isingemgusa yule ambaye imani yake haina mfano.

Turudi katika Surat Yusuf, aya ya 84 hadi 87. Nabii Yaqub (a.s.) alihuzunika kwa kupotelewa na mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe. Wanawe wakamlaumu kwamba hataacha kumkumbuka Yusuf mpaka augue au aangamie. Yeye akawajibu kwamba masikitiko yake anayapeleka kwa Allah. Kisha akawaagiza waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake na wasikate tamaa na rehema ya Allah. Hapa tunajifunza mambo matatu. Kwanza, huzuni ilimfika Nabii mpaka ikagusa mwili wake, na Qur'an haikumvunjia heshima. Pili, familia ilimjibu kwa lawama, kama tunavyofanya sisi leo. Tatu, kumshitakia Allah hakukumzuia kutuma watu kutafuta sababu. Dua na juhudi alizifanya pamoja.

Sasa tofauti iko wapi? Huzuni ya msiba huja kwa mawimbi. Mfiwa analia, kisha akikumbuka jambo zuri la marehemu anatabasamu, akiletewa chakula anakula kidogo, akija rafiki anaongea. Anamlilia aliyeondoka, lakini hajichukii yeye mwenyewe. Siku zikienda, mawimbi yanapungua nguvu. Mwenye sonona hali yake haina mawimbi. Ni giza la mfululizo, halifunguki kwa habari njema, na ndani yake mtu anajidharau. Msiba unaweza kugeuka kuwa sonona. Mjane anayekaa eda miezi minne na siku kumi anatimiza hukumu ya sheria, lakini siku ya kumaliza eda si kipimo cha moyo wake. Akitoka eda na bado hawezi kula, kulala wala kuwatazama watoto, asiambiwe "muda umekwisha". Apelekwe akaonwe.

Tofauti hii Waislamu wa zamani waliijua. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa mji wa Balkh, Afghanistan ya leo, aliyefariki mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo alitenganisha huzuni ya aina mbili: ile ambayo sababu yake inajulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile inayomjia mtu bila ya sababu ijulikanayo. Hii ya pili aliihusisha na mwili wenyewe na akasema inahitaji tiba ya mwili. Hali kadhalika hospitali ya Sultan Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Hivyo anayesema kutibu nafsi kwa daktari ni jambo la makafiri hajasoma historia ya umma wake.

Inavyopimwa

Wengi wanauliza: ugonjwa usioonekana kwa damu wala kwa picha unapimwaje? Jibu ni kwamba kipimo kikuu ni mazungumzo. Hakuna kipimo cha damu kinachosema huyu ana sonona. Daktari au muuguzi aliyesomea anakaa na mgonjwa, anamwuliza zile dalili moja moja, zilianza lini, zimedumu kiasi gani na zimeharibu nini. Pia anamwuliza ndugu wa karibu, kwa idhini ya mgonjwa.

Kuna dodoso linalosaidia, lijulikanalo kwa kifupi PHQ-9. Lina maswali 9 yanayofuata dalili tulizozitaja, kila swali likihusu wiki 2 zilizopita. Mgonjwa akijibu "hapana kabisa" anapata 0, "siku kadhaa" 1, "zaidi ya nusu ya siku" 2, na "karibu kila siku" 3. Jumla ya juu kabisa ni 27. Kwa kawaida anayefika 10 na kuendelea huhitaji kuchunguzwa zaidi. Dodoso hili limefanyiwa uhakiki hapa Tanzania, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 2019. Kabla ya hapo, mwaka 2002, Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti uliohakiki orodha nyingine ya dalili kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI jijini Dar es Salaam. Kwa hiyo si kweli kwamba vipimo hivi ni vya Ulaya tu na havijui watu wetu.

Lakini namba peke yake si hukumu. Dodoso linachuja, na daktari ndiye anayethibitisha. Kabla ya kusema ni sonona, daktari makini anaondoa mambo mengine yanayofanana nayo. Upungufu wa damu humfanya mtu achoke na anyong'onyee. Tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango mtu anakuwa mzito wa mwili na wa akili. Kisukari, virusi vya UKIMWI, pombe, madawa ya kulevya na hata baadhi ya dawa za hospitali vinaweza kuleta hali hiyo. Ndiyo maana utapimwa damu. Damu haipimwi ili kuiona sonona, inapimwa ili yaonekane mambo hayo.

Lipo swali moja ambalo halipaswi kurukwa: je, umewahi kupata kipindi cha kinyume chake? Yaani siku kadhaa mfululizo hulali na huchoki, unaongea bila ya kituo, unatumia fedha ovyo, unajiona una uwezo usio wa kawaida? Kama jibu ni ndiyo, hayo ni maradhi mengine ya kupanda na kushuka, na dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kumrusha mgonjwa juu. Mgonjwa na ndugu wasifiche jambo hili kwa kuona aibu.

Mwisho daktari atauliza kuhusu kifo: unafikiria kujidhuru? Ndugu wengi hukasirika wakisikia swali hilo, wakidhani linamfundisha mgonjwa. Si hivyo. Kuuliza hakupandi wazo ambalo halikuwepo. Kunampa mgonjwa nafasi ya kutua mzigo aliokuwa akiubeba peke yake. Sote tunajua kuwa kujiua ni haramu, na mgonjwa Muislamu anajua hivyo pia, na mara nyingi ndiyo sababu anaficha. Ukimwuliza kwa upole umemfungulia mlango. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo. Ondoeni karibu yake dawa, sumu za panya na za mimea, kamba na visu, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kisomo, waganga na maombezi

Hapa tuseme kweli baina yetu. Sisi tunaamini kuwepo kwa majini, na Qur'an ina sura yenye jina lao. Tunaamini pia kuwepo kwa uchawi na husuda. Suala si hilo. Suala ni je, nani amekuambia kuwa maradhi ya mtu huyu hasa ni jini? Kusema bila ya elimu ni jambo ambalo dini imelikataza, na kumbandika mgonjwa jina la jini kwa sababu tu amenyamaza na halali ni kusema bila ya elimu.

Mwaka 2003 jarida la madaktari wa akili la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanyika hapa Dar es Salaam. Watafiti waliwahoji wagonjwa waliokwenda vituo vya afya na wale waliokwenda kwa waganga wa jadi. Katika vituo vya afya, asilimia 24 walikutwa na maradhi ya sonona au wasiwasi. Kwa waganga, ilikuwa asilimia 48, yaani karibu nusu. Hii haina maana kwamba waganga ndio wanaoleta maradhi. Maana yake ni kwamba wenye sonona wamejaa kwa waganga, kwa sababu huko ndiko wanakoulizwa habari za nyumbani, ndoa na maadui, wakati zahanati wanaulizwa homa tu. Na huko kwa mganga mtu anapoteza fedha, anaambiwa adui yake ni shangazi au mke mwenza, na undugu unavunjika. Baya zaidi, anaweza kuingizwa katika shirki huku anatafuta afya.

Kawe yetu inajulikana pia kwa viwanja vya Tanganyika Packers, kwenye eneo la kile kiwanda cha nyama kilichofungwa, ambako imekuwa ikifanyika mikutano mikubwa ya maombezi. Kabla hatujawalaumu Waislamu wanaovutwa na mikutano kama hiyo tujiulize, je, walipokuja kwetu na machozi tuliwapa nini? Mtu aliyefukuzwa kwa maneno ya "subiri, omba Mungu" atakwenda anakosikilizwa.

Kisomo cha ruqya kilichosalimika na shirki ni halali na kina baraka. Lakini Mtume (s.a.w.) huyo huyo aliyefundisha ruqya aliwaamrisha waja wa Allah watafute dawa, akaeleza kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Basi msomaji wa kisomo anayemwambia mgonjwa aache vidonge vya hospitali hajafuata sunna yote. Na anayempiga mgonjwa, kumfunga minyororo au kumnyima chakula kwa kisingizio cha kumtoa jini amefanya dhulma, na atakwenda kuulizwa.

Apelekwe wapi na atatibiwa vipi

Wengi wakisikia ugonjwa wa akili wanaifikiria Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyoanzishwa wakati wa ukoloni wa Kiingereza miaka ya 1920. Jina hilo limegeuzwa kuwa tusi, na kwa kuogopa tusi watu wanakufa na maradhi yao. Ukweli ni kwamba wagonjwa wengi wa sonona hawalazwi popote. Kwa mkazi wa Kawe, aanze zahanati au kituo cha afya, aseme wazi: "Sijala wala kulala vizuri kwa wiki kadhaa, moyo wangu mzito, naomba nionwe kwa ajili ya sonona". Ikihitajika ataandikiwa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala, au Muhimbili ambako wapo madaktari bingwa wa magonjwa ya akili. Madaktari hao ni wachache kwa nchi nzima, kwa hiyo ajiandae kusubiri na asikate tamaa kwa foleni.

Tiba ziko za namna mbili, na mara nyingi huenda pamoja. Ya kwanza ni ya mazungumzo. Nchini Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, ulifanyika utafiti katika vijiji 30, uliochapishwa mwaka 2003. Vikundi vya wanakijiji wenye sonona vilikutana chini ya kiongozi wa hapo hapo aliyepewa mafunzo, na dalili zao zikapungua sana kuliko za wale ambao hawakupata vikundi. Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa mitaani wakae kwenye benchi nje ya zahanati wawasikilize watu kwa utaratibu maalumu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha manufaa makubwa. Ndugu zangu, sisi tuna darsa za kina mama karibu kila mtaa. Tunashindwa nini?

Ya pili ni dawa, kama amitriptilini na fluoksetini. Mgonjwa ajue mambo haya. Dawa hizi hazifanyi kazi siku ya kwanza. Huchukua wiki 2 hadi 4 au zaidi kuonekana nafuu, na madhara madogo kama kukauka mdomo au kichefuchefu huweza kuanza kabla ya nafuu. Si dawa za kulevya. Akipona asiache ghafla, kwani huhitaji kuendelea kwa miezi 6 au zaidi, na kuacha ni kwa ushauri wa daktari. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mpigo huua, hivyo ndugu azishike. Ukiingia mwezi wa Ramadhani, mgonjwa azungumze na daktari mapema juu ya saa za kumeza dawa, na akumbuke kwamba Allah amempa mgonjwa ruhusa katika Surat Al-Baqarah. Kuitumia ruhusa si uvivu.

Wajibu wetu

Tazama Allah (s.w.) alivyomtendea bibi Maryam (a.s.) katika Surat Maryam. Alipofikwa na uchungu wa uzazi peke yake, alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Hakukemewa. Aliliwazwa asihuzunike, akaonyeshwa maji ya kunywa, akaangushiwa tende ale. Liwazo, maji na chakula ndivyo vilivyotangulia. Na bibi Aisha (r.a.), nyumbani kwao palipotokea msiba, alikuwa akiamrisha upikwe uji wa talbina, kwa sababu alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni.

Basi haya yafanyike, na hayahitaji mfadhili. Familia: sikilizeni kabla ya kushauri, mpikieni, mtoeni juani atembee kidogo, mpelekeni kliniki na mkae naye kwenye foleni. Maneno ya "jikaze" na "wenzako wana shida kuliko wewe" yaacheni. Majirani: mtu akikosekana wiki mbili, bisheni hodi. Maimamu: khutba moja kwa mwaka juu ya maradhi haya itaokoa watu, na kila msikiti uwe na mtu mmoja mwanamume na mmoja mwanamke wanaozijua dalili 9 na wanajua njia ya kwenda hospitali. Asomewe kisomo jioni, na asubuhi ashikwe mkono apelekwe kituo cha afya. Na siri zake zihifadhiwe, kwani mgonjwa aliyetangazwa mtaani harudi tena.

Na wewe unayesoma makala hii huku ukijihesabia dalili, usiogope. Haujakufuru wala Allah hajakuacha. Unaumwa, na maradhi yako yana tiba. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo, na kesho nendeni mkaonwe.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie tuwe ni wenye kuwabebea ndugu zetu mizigo wala si wenye kuwaongezea.

Wabillahi tawfiiq.